Usimpime Mtoto Wako kwa Mtoto wa Jirani

Leo naongea na wewe mama ambaye mtoto wako alizaliwa kabla ya wakati.

Najua swali linalokuchosha. "Kwani huyu bado hajakaa? Wangu kwa miezi sita alikuwa ameketi!" Unatabasamu, ukifika nyumbani unalia. Wengine wenu mmeacha hata kuja ibada ili msiulizwe.

Kifunguamimba wetu alizaliwa wiki ya 30. Alipofika miezi sita, hakuwa anakaa. Mpendwa mmoja akamwambia mke wangu, kwa nia njema, kwamba hiyo ni roho ya kuchelewa, tufunge siku tatu. Tulifunga, na kliniki tukaenda. Huko muuguzi akachukua kalamu akatufundisha hesabu ambayo nataka uishike leo.

Mimba kamili ni wiki 40. Wetu alikuja wiki ya 30, kwa hivyo alitangulia kwa wiki 10, karibu miezi miwili na nusu. Ondoa hiyo kwenye umri wake. Kumbe mtoto wetu wa miezi sita ni wa miezi mitatu na nusu! Na ni nani humdai mtoto wa miezi mitatu na nusu akae? Alikaa alipokaribia miezi tisa. Hatukuwa na pepo wa kukemea. Tulikuwa na hesabu ya kufanya.

Fanya hesabu hiyo mpaka mtoto afike karibu miaka miwili. Lakini chanjo kwa kawaida hufuata tarehe aliyozaliwa, kwa hivyo usikose siku ya kliniki. Uliza pia apimwe macho na masikio. Na kama hata baada ya kuondoa zile wiki bado yuko nyuma, au mwili ni mkakamavu sana au umelegea sana, au hageuki akisikia sauti yako, mwone daktari mapema. Kumpeleka mtoto hospitali si kukosa imani.

Akiwa bado mdogo, mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, katika hospitali ambayo haikuwa na mashine za kutosha za kuwatia watoto joto. Kifua cha mama kikafanya kazi hiyo. Baba, hata chako kinaweza.

Na wewe mshirika, ukimwona mama huyu Jumapili, usimuulize mtoto amefika wapi. Mpelekee chupa ya uji. Mshikie mtoto apate kuomba.

Mama, Mungu alimjua mtoto wako akiwa tumboni, na hakushtuka alipokuja mapema. Hesabu wiki zake, si za jirani.

Kama neno hili ni lako, sema Amina, kisha mtumie mama mmoja anayelihitaji.