Cheri Zilizolipa Kodi ya Chumba

Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, Tunduma, upande wetu wa Tanzania, ilipoa kwa namna ambayo sisi tuliokulia hapa hatukuwahi kuiona. Mji huu unakula kutokana na malori. Yakisimama, anasimama mama lishe, anasimama mbadilisha fedha, na mimi niliyekuwa nikihudumu kaunta kwenye baa moja nikasimama pia. Nilikuwa mjane, nina watoto wawili, na mishahara yangu ya nyuma ilikuwa bado haijalipwa.

Bosi alinifungulia stoo. "Dada, hela sina," akasema. "Angalia kitakachokufaa, ubebe."

Bia na soda walishabeba waliotangulia. Zilizobaki ni katoni za chupa za cheri kutoka Lusaka, zile nyekundu sana zenye vikonyo, ambazo tulikuwa tukimwekea mgeni moja juu ya glasi ya kokteli. Nilizipakia kwenye bodaboda huku nalia. Watoto wanataka unga, mimi narudi na mapambo ya pombe.

Siku ile nilifungua chupa moja mezani. Ukiinusa, harufu yake ni ya lozi, siyo ya tunda. Ukiitoa kwa kijiko inang'aa, ngozi haina kunyanzi hata kidogo, na rangi yake inabaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Mwanangu mkubwa akaniuliza kama ni ya keki. Mungu alisema nami kwa kinywa cha mtoto, nami naamini hivyo mpaka leo. Kesho yake nilianza kuwatafuta waoka keki, Tunduma, Mpemba, hadi Mlowo na Vwawa. Sherehe zilikuwa zimepungua, lakini watoto waliendelea kutimiza miaka. Niliziuza kwa vikopo vidogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela ya chupa nzima. Maji yake matamu nayo niliwauzia wauza barafu. Kodi ya chumba ikalipika.

Usiku, usingizi ukikataa, nilisoma kwenye simu habari za tunda lililokuwa linanilisha. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, kwenye cheri chachu ziitwazo marasca, zilizohifadhiwa ndani ya pombe yake yenyewe, maraschino. Mwaka 1821 Girolamo Luxardo alianzisha kiwanda cha pombe hiyo mjini Zara, ambao leo ni Zadar, Kroatia. Mwishoni mwa karne ya 19 cheri hizo zilikuwa anasa kwenye baa za hoteli kubwa Marekani. Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia: mabomu yakakiharibu kiwanda, ndugu wawili wa familia wakauawa. Giorgio Luxardo alibaki, na mwaka 1947 akaanza upya Torreglia, Italia, kwa miche ya marasca iliyokuwa imetunzwa na profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Firenze. Niliisoma habari hiyo mara nyingi. Aliyepoteza kiwanda na ndugu alianza na miche. Mimi nilikuwa na chupa na afya yangu.

Chupa zilikuwa zinaisha, na hata mpaka ulipofunguliwa sikuwa na mtaji wa kuagiza nyingine. Hapo ndipo habari za Oregon, Marekani, ziliponisaidia. Cheri nyingi za Marekani hazikai kwenye pombe kabisa. Katika miaka ya 1920, wakati pombe imepigwa marufuku kule, Ernest Wiegand wa chuo cha kilimo cha Oregon alitengeneza njia ya kuzihifadhi kwa maji yenye chumvi za kalisi, ili tunda lisilainike. Huko cheri hupaushwa kwanza, ndipo hutiwa sukari na rangi.

Cheri hazioti mkoani kwetu Songwe, mapapai yapo. Nilipata mafunzo ya usindikaji kwenye shirika la viwanda vidogo, SIDO, nikajifunza kukata papai bichi vipande vidogo na kuvilaza kwenye maji ya chokaa, ile inayofaa kwa chakula, siyo ya kupaka ukuta. Chokaa nayo ni kalisi, ndiyo maana kipande kinabaki kigumu. Unavisuuza mpaka maji yawe safi, ndipo unaviweka kwenye shira nyepesi, na kila siku unaongeza sukari kidogo. Ukimwaga sukari yote siku moja, papai linasinyaa. Rangi na harufu ya lozi vinakuja mwisho.

Leo ninauza kwa kilo, na watoto wote wawili wanasoma. Wateja wengine hunishauri niandike "cheri" kwenye lebo ili bei ipande. Nakataa. Mwaka 1912 serikali ya Marekani iliamua kwamba jina la cheri za maraschino ni la marasca zilizo ndani ya maraschino tu, na za kuigiza ziandikwe hivyo. Waliamua vizuri. Lebo yangu inasema papai la sukari, na waoka keki wa Vwawa wanaliagiza kwa jina hilohilo.