Likizo ya Sajini

Julai huko Muramvya si mwezi wa kuchezewa. Mvua imekwisha kukoma, vumbi limeanza kutimka barabarani, na ifikapo jioni baridi hushuka kutoka vilimani ikaingia hadi chini ya blanketi. Matajiri wa nchi za kaskazini ya dunia, baridi inapowazidi mwezi wa Desemba, hupanda ndege wakaenda visiwa vya Karibi. Hukaa siku chache mjini, labda Havana, wakatazama majumba ya kale na kusikiliza muziki, kisha humalizia likizo yao mchangani, karibu na maji. Hakuna haja ya kuwaonea kijicho. Mtu wa Muramvya anayo safari ya namna hiyo hiyo karibu kilomita 50 tu kutoka mlangoni pake, wala haihitaji pasipoti.

Hivyo ndivyo alivyofikiri sajini mmoja wa jeshi alipopata likizo yake ya kwanza tangu kurudi kutoka Somalia. Burundi ilipeleka askari wake wa kwanza huko Desemba 2007, na sajini huyu alikuwa miongoni mwa wale waliorudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 2024. Aliondoka akimwacha binti yake mdogo hajajua kusema vizuri. Aliporudi alimkuta mtoto wa miaka minne, mwenye maneno mengi, ambaye alimtazama kutoka juu hadi chini, akasimama wima na kumwita "Afande." Mtoto alikuwa amezoea kuiona picha yenye sare ukutani, na kuwasikia majirani wakimtaja hivyo. Watu wote wakacheka. Sajini naye akacheka, ila miezi ikapita na jina likabaki lile lile.

Basi alikuwa na hamu ya likizo iliyo likizo kweli. Posho alikuwa ameitunza, na nia yake ilikuwa kuipeleka aila nzima, mke na watoto watatu, kwenye hoteli ya ufukoni kwa siku saba mfululizo. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akishika daftari la matumizi muda wote mume alipokuwa mbali, alipiga hesabu kimya kimya kisha akasema:

"Baba watoto, tukilala hotelini siku saba, Septemba watoto wataingia darasani na viatu vya mwaka jana."

"Mama watoto, mimi nimelala hemani mwaka mzima. Nataka nilale mahali penye shuka nyeupe."

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na ugomvi wa namna hii ndio mgumu kuliko yote. Walikubaliana siku ya tatu: usiku nne kwa dada yake mke, Kinindo, ili watoto wauone mji, kisha usiku mbili katika nyumba ndogo ya wageni kando ya ziwa, yenye shuka nyeupe lakini isiyo na bwawa la kuogelea. Nani alihitaji bwawa, na hali Ziwa Tanganyika liko mbele yake, lenye kina cha meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal?

Safari ya kuteremka ilianza kwa kungoja. Petroli imekuwa haba nchini katika miaka ya karibuni, na basi lililotazamiwa alfajiri lilifika baada ya adhuhuri. Lakini barabara ile humlipa aliyesubiri. Kutoka Bugarama hujipinda na kuteremka kama nyoka, na watoto walijibanza dirishani kuwatazama vijana wa baiskeli: wale wanaoteremka wamebeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa kwa mwendo wa kutisha, na wale wanaopanda wakiwa wameshikilia malori kwa mkono mmoja. Masikio yaliziba, yakazibuka. Sweta zilivuliwa moja baada ya nyingine, na walipofika chini watoto walikuwa wamebaki na fulana.

Kinindo iko upande wa kusini wa mji, kati ya barabara ya Rumonge na ziwa. Shemeji aliwapokea kwa ndagala na ugali wa muhogo, na kabla hata hawajanawa mikono alikwisha toa amri: giza likiingia, mtoto asitoke nje ya ua. Viboko hutoka ziwani usiku wakala majani katika mitaa hiyo, na kiboko hana mzaha na mtu anayemzibia njia ya kurudia majini. Akawaonyesha pia alama ukutani, kimo cha goti la mtu mzima, mahali maji yalipofika mwaka 2024, mwaka ambao ziwa lilifurika Kinindo, Kibenga na Gatumba.

"Mito mingi inaingia, shemeji, lakini inayotoka ni mmoja tu."

Ni kweli. Maji ya ziwa lote hutokea mto Lukuga peke yake, huko Kalemie nchini Kongo. Yaliyosalia huondolewa na jua. Mvua ikizidi miaka michache mfululizo, ziwa halina la kufanya ila kupanda. Kwa kawaida hufikia kilele karibu na mwezi wa Mei, kisha hushuka wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mwenye likizo ya Julai au Agosti hupata mchanga mpana zaidi kuliko anayekuja Aprili.

Mjini waliona mengi. Walipanda mlimani hadi kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 13, 1961, na mtoto mkubwa akayasoma maandishi yote kwa sauti. Waliwatazama mamba na nyoka katika jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1977. Mama aliwaonyesha mahali palipokuwa na soko kuu ambalo liliungua Januari 27, 2013, akawasimulia jinsi alivyonunua hapo kitambaa chake cha kwanza kwa fedha yake mwenyewe. Hata hivyo, Buyenzi ndiyo iliyowafurahisha kuliko kote: Kiswahili kila upande, mitaa yenye namba badala ya majina, mandazi ya moto, na mafundi wanaotengeneza kila kitu kilichovunjika duniani.

Huko Buyenzi ndiko tairi la lori lilipopasuka.

Kabla wapita njia hawajageuka kutazama, sajini alikuwa amepiga goti nyuma ya ukuta, mkono mmoja umembana binti yake mdogo chini. Mandazi yalimwagika vumbini. Watu wawili watatu walicheka, mmoja wao fundi kijana ambaye bila shaka hakukusudia ubaya. Mkewe hakusema neno. Aliokota mfuko, akamsaidia kusimama, akaenda kununua mandazi mengine, na daftari la matumizi halikuandikwa siku ile. Mtoto alimtazama baba yake kwa muda mrefu.

Siku ya tano walishika njia ya kusini. Huko Mugere walisimama kuliangalia jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Wengi hudhani wazungu hao walikutana hapo. Sivyo; walikutana Ujiji, wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini kuutazama mto Rusizi, ili wajue kama unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya kawaida, na shuka kweli zilikuwa nyeupe. Mama alikuwa amekuja amejitayarisha, na akina mama wanaotoka milimani wangefanya vema kumwiga: vyandarua viwili, kwa kuwa watoto wa nchi ya baridi mwili wao haujazoea malaria ya bondeni, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na sharti la kuoga asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujachafua ziwa, tena mahali penye mchanga safi, mbali na majani ya majini ambako kichocho hupatikana.

Sajini mwenyewe hakuoga. Mtoto wa milimani hafundishwi kuogelea, na jeshi la nchi kavu halikumfundisha. Aliketi chini ya mwembe, viatu miguuni, mgongo umeegemea ukuta, macho yakihesabu kila mpita njia. Binti mdogo alimletea kokoto moja. Akaenda, akarudi na nyingine. Kufikia adhuhuri zilikuwa rundo. Asubuhi ya pili alikuja mikono mitupu, akachutama, akaanza kufungua kamba za viatu vya baba yake. Ilimchukua muda mrefu, kwa maana zilikuwa zimefungwa kijeshi.

Wakaenda pamoja. Maji yalipofika magotini wimbi likaja, kubwa kidogo, na sajini akasimama kama mti. Mtoto alimkaza kidole. "Usiogope, Afande," akasema, "linapita tu."

Walirudi siku ya saba, wamebeba mikeke iliyokaushwa iliyonusisha basi zima. Fedha iliyosalia ilitosha jozi mbili za viatu. Ya tatu ingengoja mshahara wa Agosti. Bugarama walinunua kabichi na karoti, na sweta zikatoka tena mfukoni. Kondakta alipopita kukusanya nauli, alimkuta mtoto mdogo amejilaza kwenye mapaja ya sajini, miguu imekalia kiti kizima.

"Na huyu analipiwa na nani?" akauliza.

Mtoto alifungua jicho moja. "Baba," akasema, akalala tena.