Safari ya Mirihi na Bei ya Kuanzia

Makala ya kisayansi haimvuti msomaji kwa sayansi peke yake. Hilo nililiona wazi pale mpwa wangu wa kidato cha tatu, tunayeishi naye hapa Msimbazi, aliponiletea makala ya Elon Musk iliyotoka mwaka 2017 katika jarida la New Space, kuhusu binadamu kuhamia sayari ya Mirihi. Babu yake alikwisha kuikata kwa neno moja: “Uongo.” Kijana alinyamaza kwa adabu, wala hakuridhika. Nikachelea kwamba tukizoea kumjibu hivyo, siku moja ataacha kutuuliza.

Basi tuliisoma pamoja, tukitazama jinsi inavyoshawishi.

Kwanza, inatuwekea njia mbili tu: kubaki duniani mpaka litufike janga la kutuangamiza, au kuwa viumbe wa kusafiri angani. Mwenye kuonyeshwa njia mbili, moja ikiwa mauti, hana budi kuishika ya pili. Lakini ipo ya tatu: kuitunza ardhi hii tuliyokabidhiwa kuwa amana. Sisi tunaouona Mto Msimbazi ukifurika mvua zinapozidi tunajua kuwa kazi hiyo haijakwisha.

Pili ni bei. Mwandishi anakadiria kuwa kwa mbinu za zamani kumpeleka mtu mmoja kungegharimu dola bilioni 10. Yeye analenga dola 200,000, iliyokuwa kadiri ya bei ya nyumba ya kawaida Marekani wakati huo. Mnunuzi wa Kariakoo anaijua mbinu hii. Muuzaji hutanguliza bei ya juu, na inayofuata huonekana kama sadaka. Mnunuzi akishafurahia punguzo, husahau kuuliza kama bidhaa yenyewe imo dukani.

Tatu ni mfano wa reli ya Union Pacific ya Marekani: jenga njia, watu na biashara watafuata. Ni mfano mzuri, ila reli yetu ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ilikuwepo na soko lake, na maji, na hewa. Msafiri wa Mirihi atabeba hata pumzi yake.

Hata hivyo, insafu ni wajibu. Mwandishi anasimulia roketi zake zilizokwisha kurejea na kutua salama, na hilo ni kweli. Kampuni yake, SpaceX, ndiyo iliyoirusha Taifa-1, setilaiti ya Kenya, Aprili 15, 2023. Nguvu ya makala imo humo: jambo lililotendeka linaliazima imani jambo lisilotendeka. Mwaka huohuo wa 2017, mjini Adelaide, Musk alitaja matumaini ya kupeleka mizigo Mirihi mwaka 2022 na watu mwaka 2024. Miaka yote miwili imepita bila safari hiyo.

Wazazi wenzangu, wanazuoni wetu wa hadithi hawakuikubali wala kuikataa habari kabla ya kuuliza nani kaipokea kwa nani. Tuwarithishe watoto desturi hiyo. Wakisoma makala kama hii, wapige mstari chini ya yaliyotendeka, mwingine chini ya yaliyokadiriwa, na wa tatu chini ya yanayotamaniwa. Kutamani si kosa, na huenda mmoja wao akawa mhandisi wa kesho. Lakini mhandisi mwema ni yule anayejua mstari upi uko chini ya neno gani.