Kiu ya Land Rover Kuukuu

Gari la kale huanza ugonjwa wake kwa kuomba maji. Mwanzo huwa kikombe kimoja kwa juma, baadaye jagi, baadaye dumu zima, hata wenye nyumba wasikumbuke ni siku gani hasa walipoanza kulitumikia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Land Rover ya sajini mmoja mstaafu wa polisi, akaaye vilimani nje ya mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Ni gari la mwaka 1968, la aina ile ya Series IIA iliyoundwa Uingereza kuanzia 1961 hadi 1971. Alilinunua mnadani angali kazini, na watoto wake wote wanne walifundishwa usukani humo.

Maji ya nyumba hiyo hutoka chemchemini, chini bondeni, na ajuaye uzito wa kila lita ni mkewe. Injini na rejeta ya gari la namna hiyo huchukua kama lita 10, na kwa miezi mingi nusu yake ilikuwa ikidondoka uani kabla ya Jumapili kufika. "Linakunywa kuliko ng'ombe," mama huyo alizoea kusema, "na maziwa halitoi."

Yaliweza kuendelea kuwa mzaha kama si usiku ule wa masika. Jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa, na katika kijiji hicho hakuna gari jingine la kumpeleka hospitali. Kabla hawajamaliza mlima wa kwanza, mvuke ulifumka mbele ya kioo. Sajini alizima injini. Akasimama gizani na dumu mkononi karibu nusu saa, akingoja chuma kipoe, kwa maana alijua kuwa kufungua kifuniko cha rejeta inayochemka ni kujimwagia maji ya moto usoni, na kumimina maji baridi katika injini iliyopata moto kupita kiasi ni kuikaribisha ipasuke. Mama na mtoto walisalimika, walifika alfajiri. Lakini kilio kilichotoka nyuma ya gari katika nusu saa ile mzee hakukisahau, na tangu siku hiyo hakuyacheka tena maneno ya ng'ombe.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini milima huonea magari ya namna hii. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kabale ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa sababu hiyo rejeta hufungwa kifuniko chenye springi, kinachozuia mvuke mpaka kanieneo ifike kama ratili 9 au 10 kwa kila inchi ya mraba. Ndipo maji huweza kuvumilia hadi karibu nyuzi 110 bila kuchemka. Rejeta inayovuja haiwezi kuishika kanieneo hiyo. Kwa hiyo tundu dogo kama la sindano huiibia injini mara mbili: huyatoa maji, na hushusha kiwango cha moto ambacho maji yaliyobaki yangeweza kukistahimili.

Mwanawe wa pili, koplo jeshini, alikuja likizo akiwa na jawabu tayari. "Baba, siku hizi ziko rejeta za aluminiamu, nyepesi, zinakuja zimekamilika. Tununue moja, tufunge, tumalize." Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: ikipasuka huko kijijini, nani ataiziba? Kijana hakuwa na jibu. Aluminiamu haikubali lehemu ya kawaida, na mafundi wa huko wenye vifaa vya kuichomea ni wachache. Shaba hutengenezeka popote penye moto, bati na mtu mwenye subira. Katika ubishi huo mzee alikuwa na haki, ingawa si kwa sababu ya ukale alioupenda bali kwa sababu ya barabara anazopita.

Rejeta ya zamani ina tangi juu na tangi chini. Katikati ndipo penye kiini: safu za vijibomba vyembamba vya shaba ya njano, na baina yao mapezi ya shaba nyekundu, membamba kama karatasi, yanayopokea upepo wa feni. Matangi huweza kudumu miaka hamsini na zaidi. Kiini ndicho kinachochoka, kwa kutikiswa, kwa kutu ya viungo na kwa chokaa ya maji ya visima. Basi iliamuliwa kubadili kiini peke yake.

Fedha ilikuwa sandukuni, nayo ilikwisha kutajiwa kazi: mabati ishirini ya jiko jipya, kwani la zamani lilivuja kuliko rejeta. Mzee aliona haya kuizungumza. Mkewe ndiye aliyeileta mezani bila kuombwa, akaihesabu mbele ya mwanawe. "Mzee, jiko likivuja nitasogeza chungu," akasema. "Yule mama wa jirani angesogea wapi?"

Baba na mwana walifanya kazi ya kufungua wenyewe. Waliondoa nyaya za betri na boneti, wakafungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa injini, ambayo wengi huisahau. Katika Land Rover hizo uso wote wa mbele, pamoja na taa na rejeta, hutoka kama mlango mmoja baada ya nyaya za taa, mipira ya maji na boliti kuachiliwa. Boliti mbili zilikataa na zikakatwa kwa msumeno. Rejeta ikapelekwa kwa fundi mjini.

Fundi aliyeyusha lehemu pande zote kwa taa ya moto, akalinyanyua tangi la juu, kisha akaita, "Afande, njoo uone." Ndani mlikuwa na historia ya wamiliki wote waliotangulia: uji mzito wa kutu, maganda meupe ya chokaa, mbegu za pilipili na kitu kama ute wa yai uliokauka. Watu hutia vitu hivyo ili kuziba tundu, na kweli huziba. Lakini yai halichagui. Huziba tundu na huziba vijibomba, na gari lililokuwa likivuja huwa gari linalochemka bila kuvuja, jambo ambalo ni baya zaidi, maana sasa hakuna dalili ya kumwonya mwenyewe. Fundi alihesabu vijibomba, akakuta karibu theluthi moja havipitishi hata pumzi.

Kiini kipya kiliagizwa Kampala kwa vipimo vya kile cha zamani: urefu, upana, na idadi ya safu. Fundi alisugua kingo za matangi mpaka zikang'aa, akazipaka dawa ya kulehemu, akazivisha bati kwanza, ndipo akaziunga. Kazi hiyo haipendi haraka: moto ukizidi, vijibomba vya jirani huachia. Kisha aliziba midomo yote, akaizamisha rejeta katika pipa la maji, akaijaza upepo kwa pampu ya mguu hadi ratili 10. Povu dogo lilitoka pembeni. Akaitoa, akaikausha, akairudia. Mara ya pili maji yalitulia.

Koplo alitaka kumaliza kwa maji ya chemchemi. Fundi alikataa, akachanganya maji safi na dawa ya kuzuia kutu. Hapa wenye watoto wasikilize: dawa nyingi za namna hiyo zina ladha tamu nazo ni sumu kali, kwa mtoto na kwa mbwa pia. Zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda, na zile zilizomwagwa zisiachwe zikisimama uani. Vilevile lehemu ya zamani ina madini ya risasi. Watoto wasikae karibu na moshi wake, wala sufuria ya jikoni isiazimwe kwa kazi hiyo.

Mlima ule wa kwanza waliupanda mchana, mama akiwa kiti cha mbele na dumu lililojaa miguuni. Walipofika juu aliteremka, akainama chini ya gari, akatazama muda mrefu. Pakavu. Aliporudi nyumbani alilimimina dumu hilo katika mtungi wa kunywa.

Kiini cha zamani kiliuzwa kwa kilo kama chakavu cha shaba. Fedha yake ilitosha mabati mawili.