Pamba, Paka Wetu wa Kiajemi



Dada yetu aliyekuwa akifanya kazi Dubai alituletea zawadi ya paka wa Kiajemi, manyoya tele, uso bapa kama kisahani. Watoto wakamwita Pamba. Hapa Kampala tumezoea paka wa kujitafutia panya mwenyewe. Huyu tulimwona mgeni wa heshima.

Haikupita wiki, macho yakaanza kutoa machozi ya rangi ya chai. Tukadhani analilia Dubai! Daktari wa mifugo akatueleza kwamba uso ukiwa mfupi hivyo, mfereji wa machozi hujipinda, nayo humwagika nje badala ya kupita puani. Ndiyo maana alikoroma, na mabati yakishika moto mchana alihema kinywa wazi. Yaani uso ule ule tuliousifu ndio uliokuwa ukimtesa. Watu wameuchagua kizazi baada ya kizazi kwa sababu unawapendeza. Tukaambiwa tumfute macho kwa kitambaa safi chenye maji vuguvugu, tumweke kivulini, na tumchane kila siku.

Kuchana tulizembea. Manyoya yakasokotana, ngozi ikashika ukungu, na watoto wawili waliompakata wakapata choa mikononi. Tuliwaomba radhi wazazi wao, na tunawaomba tena.

Alipofika miaka saba akaanza kukonda na kunywa maji kupita kiasi. Jirani akatushauri nusu ya Panadol. Alhamdulillahi tulimpigia daktari kwanza: dawa hiyo ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha figo zimejaa vifuko vya maji. Ni maradhi ya kurithi, yanayojulikana sana kwa paka wa Kiajemi. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto yuko nusu kwa nusu. Tiba ya kuyaondoa hakuna. Chakula maalumu na maji humpunguzia tabu tu. Kipimo cha vinasaba kipo, ila sisi hatukuuliza lolote.

Pamba alikufa kabla ya Ramadhani. Darasani tulipofika kwenye hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, mwanafunzi mmoja akauliza: "Ustadh, na anayewazalisha huku akijua figo zao ni mbovu?" Tulimwambia tutawauliza masheikh.

Juzi tumepigiwa simu, kuna mtoto mwingine wa Kiajemi, je, tunamtaka? Tumeuliza kwanza habari za figo za mama yake. Bado tunangoja jibu.