Kiasi cha Bunduki

Neno risasi tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni jina la madini: ile metali nzito, laini, ya kijivu, ambayo hata sisi darasani tunaiita risasi. Bunduki nayo asili yake ni jina la kokwa. Kokwa hiyo ililipa jina lake kombora dogo la mviringo lililorushwa kwa upinde, na baadaye kombora likakipa jina chombo kinacholirusha. Silaha nzima, basi, inaitwa kwa kile kinachoruka. Lakini kamusi za zamani zina usemi mwingine ambao vijana wengi hawajausikia: kiasi cha bunduki. Maana yake ni baruti na risasi vilivyopimwa kwa mlio mmoja, yaani kile ambacho leo, kwa uvivu tu, tunakiita risasi.

Nimeurudia usemi huo kwa sababu ya swali la kazi. Mwanafunzi wangu wa zamani, anayeishi kwa kutafsiri, alinipigia simu hapa Matai. Amepewa filamu fupi kutoka Marekani: mtu mmoja anajijazia risasi mwenyewe nyumbani, kisha anazipeleka kwenye uwanja wa shabaha kuzijaribu kwa bunduki ya Winchester ya mtindo wa kale. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Niyaache kwa Kiingereza?" Nikamwomba anipe siku tatu.

Bunduki yenyewe haikunisumbua. Chini ya kifyatuo ina mkono wa chuma wenye tundu la kupitisha vidole. Ukiusukuma chini, ganda tupu linachomoka na mtambo unapanda. Ukiurudisha, kiasi kipya kinaingia kasibani. Mkono huo ni wenzo, neno ambalo wenzangu wa fizikia walilifundisha kila mwaka, na ambalo watu wamesahau kwamba ndilo umoja wa nyenzo. Bunduki ya wenzo, basi. Wala si ngeni kwetu: mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipopita Tabora akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, Winchester ilikuwa miongoni mwa silaha zake, na Theodore Roosevelt alikuja na yake Afrika Mashariki mwaka 1909, akaisifu kwa simba.

Kazi ilikuwa katika kujaza na kujaribu. Yule Mmarekani anapima baruti kwa punje. Hiyo ni tafsiri halisi, maana kipimo chao kilianzia kwenye punje ya shayiri, na punje 7,000 hufanya ratili moja. Anaanza na kiasi cha chini, anajaza maganda machache. Anaongeza sehemu ya punje, anajaza mengine. Na kila fungu analiandika alama. Uwanjani anaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, anapiga karatasi, kisha anaangalia mambo mawili. La kwanza ni umbali wa tundu na tundu. La pili ni ganda lililotoka. Fataki ikiwa imebanwa bapa, au wenzo ukikataa kufunguka kwa wepesi, amevuka mpaka, na hapigi tena fungu hilo hata kama matundu yake yamependeza. Nchini mwetu kujitengenezea risasi bila kibali ni kosa la jinai, na sikuwa na nia ya kujaribu lolote. Nilitaka maneno. Yakanipeleka kwa mzee mmoja wa upande wa bondeni, mwindaji wa zamani, mwenye umri wa miaka themanini na kitu.

Gobore lake alikwisha kulisalimisha kituo cha polisi, serikali ilipotoa msamaha kwa wenye silaha zisizo na vibali. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alicheka kidogo. "Mwalimu, sisi tulikuwa na risasi gani nyingine? Zote tulijaza kwa mkono."

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mwanafunzi wangu limegeuzwa kichwa chini. Aliyekosa maneno ni yule aliyezaliwa baada ya risasi ya kiwandani. Kwa mwenye gobore kila mlio ulijazwa kwa mkono, na kila kitendo kilikuwa na jina. Mzee aliyataja akiwa amekaa, mikono ikifanya kazi hewani. Baruti humiminwa kasibani. Kitambaa hufuata, hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya kasiba. Kisha risasi, kisha kitambaa kingine, unashindilia tena. Fataki huvikwa kwenye kifa mwisho kabisa, mtu akiwa amekwisha kuona mnyama. Nilimuuliza kuhusu gumegume, akasema hiyo ilikuwa ya babu zake, iliyowashwa kwa jiwe. Nayo ina historia yake: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa gumegume na baruti ya kawaida. Mataifa makubwa yalikubaliana silaha ipi inatutosha, na kwa hiyo ustadi wa kujaza kwa mdeki ukadumu kwetu muda mrefu baada ya kufa kwao.

"Na kiasi mlikipimaje?" nikauliza.

Akainua mkono. Baada ya kushindilia, mdeki huachwa ndani, na sehemu inayochomoza nje ya mdomo wa kasiba hupimwa kwa vidole. Kila gobore lilikuwa na vidole vyake. Baruti ikiwa mpya, kutoka kwa mtu usiyemjua, hukuiamini: uliionja. Hilo ndilo neno alilotumia, kuonja. Unaweka kiasi kidogo, unalifunga gobore kwenye mti, unavuta kifyatuo kwa kamba ukiwa mbali, kisha unapapasa kasiba na kusikiliza moyo wako. Ukiridhika unaongeza kidogo. Kati ya kamba ile na mfuko wa mchanga wa Mmarekani sioni tofauti kubwa.

Halafu akanieleza habari ya mdogo wake, bila mimi kuuliza. Usiku wa mvua fataki ilishika lakini baruti haikuwaka. Yule kijana, kwa hofu ya nguruwe mwitu, akadhani gobore ni tupu. Akamimina kiasi cha pili juu ya kile cha kwanza. "Mdeki ulimwambia," mzee akasema. "Ulichomoza kupita vidole vyote. Hakuutazama." Kasiba ilipasuka. Aliishi siku mbili.

Tukanyamaza. Mkewe alikuwa akitupimia ugoro kwa kipande cha pembe kilichokatwa mdomoni, nami sikuhitaji kuuliza kilikuwa kinapimia nini zamani.

Njiani kurudi nilifikiria jinsi sisi watunzi tunavyolitumia neno mizani. Ni jina la chombo cha sokoni, nasi tunahesabia silabi. Tunaambiana kwamba mshororo umepungua au umezidi, na hakuna anayeumia. Labda ndiyo maana wengi wetu tunahesabu kwa uvivu. Lakini lililonikera zaidi ni lile neno moja. Tulipoacha kusema kiasi tukasema risasi, tulibakiza kinachoruka, tukatupa kilichopimwa. Mtoto anayesikia risasi haoni ndani yake mkono wa mtu wala kosa linaloweza kutendeka. Anayesikia kiasi anauliza: kiasi gani?

Nilimtumia mwanafunzi wangu orodha: wenzo, kasiba, ganda, fataki, punje, kuonja; na kwa kile kilichojazwa na kupimwa, kiasi. Ameyakubali yote isipokuwa kuonja, ambalo anasema litachekesha watazamaji, nami nimemwambia kwamba anayecheka hajapata kusimama mbali akishika ile kamba. Kuna moja tumeshindwa. Yale matundu ya karatasini yakikaa pamoja, Mmarekani ana jina lake. Mimi nilipendekeza kichala, kama cha zabibu. Yeye anataka kundi. Mzee nilipomrudia hakuwa na neno. Gobore, alisema, halikupata kupiga mara ya pili mahali pamoja. Mwenye neno zuri zaidi atuandikie kabla filamu haijakabidhiwa.