Sehemu ya 9: Honda ya baba, kabureta mbili, na kichwa kilichoniuma wiki tatu

Mama zangu na dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kwenye simu ya mke mkijifanya mnaangalia saa. Sehemu ya 8 tuliongea homa za watoto, na maswali nimeyaona, nitayajibu. Leo naomba mnivumilie, naongelea pikipiki. Najua mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Soma taratibu, utaona nimefikaje huko.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu, na alituachia Honda ya zamani. Boda nyingi tunazopanda hapa Sumbawanga zina silinda moja na kabureta moja. Hii ya baba ina silinda mbili, na kila silinda ina kabureta yake, kama mama wa mapacha anayenyonyesha wote kwa pamoja, kila mtoto na titi lake. Baba aliizungusha Ufipa yote hii, Laela, Matai, Namanyere. Alipofariki ikakaa stoo imefunikwa gunia, mpaka mume wangu alipoamua kuifufua.

Nilikuwa na mimba ya pili, miezi sita. Ilikuwa Julai, na wa hapa mnaijua Julai yetu. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo unapiga uwanda wote bila mti wa kuuzuia, asubuhi mikono haishiki kitu. Honda ililala koridoni kwa ajili ya wezi. Saa kumi na moja alfajiri mume wangu anavuta choki, anapiga kiki, anaipasha moto hapo hapo koridoni, mlango wa nje umefunguliwa nusu. Ilikuwa haitaki kutulia. Akiachia resi, inazima. Kwa hiyo anaishikilia dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, choki ikiwa imevutwa muda wote. Chumba tunacholala kinafungukia kwenye hiyo koridoni.

Kichwa kikaanza kuniuma. Kila asubuhi kinagonga, na kichefuchefu juu yake. Nikapima presha, iko sawa. Damu nzuri. Malaria hakuna. Nikajiambia ni mimba na uchovu wa zamu. Mtoto wetu wa kwanza, wa miaka minne, naye akawa anaamka anasema "mama, kichwa," anatapika chai, halafu ikifika saa nne yuko nje anacheza kama si yeye. Nikasema anaigiza, anaona wivu wa mdogo wake anayekuja. Jamani, nesi mzima.

Nikaleta nyumbani kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Nikambana mtoto, 97. Nikajibana mimi, 98. Nikatulia kabisa.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka ukumbuke. Moshi wa injini una hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, na yenyewe haina harufu. Ikiingia kwenye mapafu inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo oksijeni inakosa pa kukaa. Na kile kifaa cha kidoleni cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hewa hiyo. Vyote kwake ni vyekundu. Kinakuandikia 97 huku mwili unakosa hewa. Mtoto aliye tumboni ndiye anaumia zaidi, maana damu yake inaing'ang'ania kuliko ya mama, na inachelewa kumtoka.

Wiki ya tatu niliingia zamu za usiku. Usiku wa kwanza kichwa hakuna. Wa pili hakuna. Nikasema mimba imetulia. Asubuhi ya tatu nimerudi saa moja na nusu, mume ameshaondoka, nakuta mama mkwe amekaa kitandani anashika kichwa, na mtoto amelala usingizi mzito ambao sikuupenda. Namwita, anafungua macho, anafunga. Ndani kunanuka petroli na moshi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya baridi.

Watu wawili wa umri tofauti, nyumba moja, dalili moja, na mimi niliyelala kwingine sina kitu. Nilimbeba mtoto na tumbo langu hilo, nikamtoa nje, nikamwita mama mkwe naye atoke, tukachukua bajaji. Hospitali nikasema neno moja tu: "Pikipiki imewashwa ndani." Wakawawekea wote wawili oksijeni kwa maski. Kwenye hewa ya kawaida hiyo sumu huchukua saa nne mpaka tano kupungua nusu. Ukiwa na oksijeni ni kama saa moja na nusu. Nilikaa pale nahesabu mateke ya aliye tumboni. Mchana mtoto akaomba mandazi. Sijawahi kufurahia mandazi kiasi kile.

Mume wangu alilia, mimi pia. Tukakubaliana Honda haitawashwa tena ndani. Lakini swali lingine lilibaki: kwa nini ilikuwa inahitaji choki dakika kumi na tano? Tukaisukuma mpaka kwa mzee mmoja fundi, Katandala. Nilikwenda mwenyewe, sikumwachia mume.

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba nesi. Hii pikipiki naijua, ya mwalimu." Akaiwasha nje, uwanjani, akachovya kidole kwenye maji akadondosha tone kwenye kila ekzosi. Ya kulia ilikauka papo hapo, tsss. Ya kushoto tone lilikaa linatetemeka tu. "Unaona? Mmoja anafanya kazi, mwenzake amelala." Akafungua plagi. Ya kulia rangi ya chai ya maziwa, ndiyo nzuri hiyo. Ya kushoto nyeusi tii kama kitako cha chungu, imelowa.

Akanionyesha sababu. Kila kabureta ina kiskurubu chake cha sailensa, yaani cha kuamua injini inanguruma vipi pikipiki ikiwa imesimama. Kuna mtu, siku isiyojulikana, aliona inazima akakaza cha kulia peke yake. Kabureta ya kulia ikabaki imefunguka zaidi, ya kushoto imejifunga. Silinda moja ikawa inavuta mzigo wa mbili. Inatetemeka, inazima. Ili isizime unavuta choki. Choki kazi yake ni kuongeza petroli na kupunguza hewa. Petroli ikizidi hewa haiungui ikaisha, na hapo ndipo kaboni monoksaidi inatoka nyingi. Kiskurubu kimoja tu, jamani.

Na uwanda wetu unaongezea. Hewa ya hapa juu ni nyepesi. Kila injini inapovuta pumzi inapata oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kabureta haina akili ya kujua hilo. Inaendelea kumwaga petroli ile ile. Ndiyo maana pikipiki iliyorekebishwa pwani ikifika Sumbawanga inatoa moshi mweusi, inanuka, na mlimani haina nguvu.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote alisafisha chujio la hewa (vumbi la kiangazi lilikuwa limeliziba kama blanketi) akakagua mipira inayounganisha kabureta na injini kama ina nyufa. Akaosha jeti kwa petroli kwenye kikombe. Nikamwambia mzee, hicho kikombe ni cha chai, kuna watoto hapa. Hili naliona wodini: petroli kwenye kikombe au chupa ya maji, mtoto anapiga funda. Ikitokea, usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali. Petroli inadhuru mapafu, na akitapika inaingia huko tena. Mzee alihamishia kwenye kopo la rangi. Nilimpenda kwa hilo.

Halafu akaanza kuzilinganisha. Kwanza injini ikiwa imezima: alikata vipande viwili vya waya wa unene mmoja, akaviweka chini ya pistoni za kabureta, akarekebisha viskurubu na nyaya za resi mpaka vyote viwili vibanwe sawa. Hiyo ni ya kukadiria. Ya pili ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu. Alitoa mrija mrefu mwembamba unaopitisha mwanga, kama wetu wa dripu, umepigiliwa kwenye ubao kwa umbo la U, chini una oili kidogo. Ncha moja akaichomeka kwenye kitundu cha kabureta ya kulia, nyingine kushoto, katikati ya njia kila upande kachupa kadogo ili oili ikivutwa sana isiingie kwenye injini. Akawasha. Oili ikapanda upande wa kushoto, maana aliyejifunga ndiye anayevuta kwa nguvu zaidi. Akazungusha kiskurubu kidogo kidogo, robo, nusu ya robo, mpaka oili ikasimama sawa pande zote. Kwangu mimi ilikuwa ile mashine ya presha ya zebaki tuliyosomea chuoni.

Alipovuta resi kidogo oili ikahama tena. Akarudi kwenye nyaya, mmoja ulikuwa umelegea. Ikatulia. Na mlio ukabadilika. Niliusikia mlio wa baba anarudi kutoka shule. Sitaki kuandika sana hapo.

Choki? Dakika moja, mbili kwa baridi kali, basi inarudishwa.

Sasa wewe una boda ya silinda moja, utasema haya hayanihusu. Kulinganisha hakukuhusu kweli, kabureta ni moja, inalinganishwa na nani? Lakini skrubu ya hewa na ya sailensa zipo. Mzee alituambia jambo lingine ambalo kina mama wa bondeni nataka mlisikie. Kutoka hapa kushuka Lyamba lya Mfipa mpaka ukanda wa Ziwa Rukwa, Muze kule na kuendelea, unashuka karibu mita 1,000. Mtu akipunguza petroli ili pikipiki iende vizuri huku juu, akishuka bondeni hewa inakuwa nzito, petroli inakuwa kidogo, injini inachemka na plagi inakuwa nyeupe. Aliyerekebisha bondeni akipanda huku, inajaa petroli, inakohoa, inazima kwenye kona. Na anayepandishwa usiku mara nyingi ni nani? Ni mama mwenye uchungu, au mwenye mtoto anayepumua kwa shida. Nimewapokea waliosukuma pikipiki kilomita kadhaa. Kwa hiyo miezi ya mwisho, baba mtarajiwa, pikipiki utakayoitegemea ipande mlima mara moja kabla ya siku yenyewe, fundi aangalie plagi. Na piga 115 kwanza, ni bure, ndiyo namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Pikipiki iwe ya pili.

Kwa nyumbani kwako, leo hii: pikipiki ilale ndani kama ni lazima, lakini isukumwe nje ndipo iwashwe, ekzosi isiangalie mlango wala dirisha. Mlango wazi nusu hautoshi, mimi ni shahidi. Kama wawili watatu nyumbani mnaumwa kichwa asubuhi moja na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni wote, msirudi kuchukua simu, nendeni hospitali na mseme wazi kwamba kuna injini au jiko liliwashwa ndani. Usipolisema hilo, tutakupima malaria na kukubana kidole, na namba itatudanganya kama ilivyonidanganya mimi.

Binti alizaliwa Oktoba, kilo 3.1, akalia hapo hapo. Daktari alisema hajaona tatizo. Mpaka leo akichelewa kusema neno naingiwa na wasiwasi, ananiangalia tu kama mama yake kachanganyikiwa. Kaka yake ndiye anayesaidia kusukuma Honda mpaka getini kila asubuhi, na baba yake akigusa kiki kabla ya geti anapiga kelele nyumba nzima inaamka.

Sehemu ya 10 ni Jumapili, jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Mama aliyeniuliza kuhusu kulala na jiko "lililozimika", usililaze ndani leo, nisubiri.